Toa Laini Kwanza, Kisha Umwone Fundi

Wadogo zangu wa Nakuru na kote mnakoisomea kona hii, leo mambo ya mahari na wakwe yatasubiri kidogo. Swali linalonifuata kila niendako, kanisani, kwenye chama, hata kwenye foleni ya matatu, ni moja: "Dada, simu imeanguka, kioo kimepasuka, fundi ameniambia elfu sita. Nimpe?"

Kabla sijakuambia kama elfu sita ni nyingi au ni haki, nataka uone kitu ambacho fundi alikiona mara tu ulipoingia dukani kwake. Una haraka. Simu umeishika kwa mikono miwili. Umeshamwambia kwamba kuna mteja anakutafuta, kwamba mkopo unalipwa leo, kwamba mwalimu wa mtoto hutuma ujumbe kwa WhatsApp. Hujaulizwa, na yote umeyasema. Mwenye shida ya sasa hivi hulipa bei ya sasa hivi. Hapo hatuzungumzii fundi mbaya wala fundi mzuri. Soko ndivyo lilivyo, kuanzia nyanya za Top Market hadi skrini ya Samsung.

Haraka yenyewe naielewa vizuri. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, simu kwetu imekuwa pochi, kisha ikawa daftari, kisha ikawa kazi yenyewe. Mwendesha boda wa Kaptembwo asipopatikana kwa simu amepoteza abiria wake wa kila asubuhi. Mama anayeuza sukuma Free Area hulipwa kwa namba. Mwanafunzi wa Egerton husajili masomo, hulipa nyumba na hupokea pesa za mzazi kwa kifaa hicho hicho kimoja. Kikizima saa saba mchana katikati ya Kenyatta Avenue, unajihisi kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauhusu kioo. Toa laini.

Pesa zako za M-Pesa hazikai ndani ya simu. Zimefungwa kwenye namba yako, na namba inabebwa na ile laini. Itoe, iweke kwenye kabambe, ile simu ndogo ya vibonyezo, bonyeza *334#, na menyu inakuja kama kawaida: unatuma, unapokea, unalipa, unapigiwa. Kabambe mpya ni ya elfu moja na mia kadhaa hadi elfu mbili hivi, na wengi wenu mnayo moja kwenye droo, ile ya tochi. Ichaji leo, usingoje siku ya msiba. Weka pamoja nayo kile kifremu cha plastiki ambamo laini ilichomolewa ulipoinunua, kwa sababu laini ya simu za kisasa imekatwa ndogo kabisa na tundu la kabambe mara nyingi ni kubwa. Bila kifremu laini itakaa upande na simu itakuambia hakuna laini. Ukikikosa chako, wauzaji wa laini walioko kando ya barabara huwa navyo.

Ukishafanya hivyo, umejinunulia siku mbili tatu za kuuliza. Siku hizo zitakupunguzia gharama kuliko kubembeleza kokote. Sasa unaweza kuingia dukani, ukauliza bei, ukasema asante, ukatoka.

Haya, tuje kwenye kioo chenyewe.

Skrini ya simu ina tabaka. Juu kabisa kuna kioo kinachokutana na kidole chako. Chini yake kuna sehemu inayotoa picha. Ikiwa simu imejaa nyufa lakini picha ni safi, haina doa jeusi wala mistari ya kijani, na kidole kinafanya kazi kila pembe, basi kilichoumia ni kioo cha juu peke yake. Hicho kinaweza kubadilishwa chenyewe. Fundi huilaza skrini kwenye sahani ya moto, akapitisha waya mwembamba kati ya kioo na tabaka la picha, akasafisha gundi ya zamani, akabandika kioo kipya, kisha akaondoa mapovu kwa mashine ya shinikizo. Ni kazi ya mashine na ya mkono uliotulia. Si kila kibanda kina vifaa hivyo, na asiyekuwa navyo atakuambia ni lazima ubadilishe skrini nzima. Hakudanganyi, anakuambia anachokiweza yeye. Wewe uliza tu: "Mnabadilisha kioo pekee?" Akisema la, tembea hadi duka la pili na la tatu. Kwa simu ya bei ya juu, jibu la swali hilo ni tofauti ya maelfu. Kwa simu ya bei ya chini tofauti huwa ndogo, na mara nyingi skrini nzima ndiyo nafuu, maana kioo kikivunjika wakati wa kutolewa unabaki bila chochote.

Kama picha nayo imeharibika, basi ni skrini nzima, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Simu nyingi tunazozitumia, Tecno, Infinix, itel, Redmi na zile Samsung za bei ya chini, zina skrini ya LCD. Skrini hizo zipo tele, na pamoja na kazi utatajiwa kati ya elfu mbili na elfu nne hivi, kutegemea modeli. Ukipanda kwenye Samsung za katikati na za juu, au iPhone nyingi za miaka ya karibuni, unakuta skrini ya OLED au AMOLED. Ile ya asili huvuka elfu kumi kwa urahisi. Kwa ajili hiyo viwanda vimetengeneza skrini mbadala za LCD zinazoingia kwenye simu hizo hizo. Mafundi wanaziita incell. Zinauzwa kwa bei ya chini sana. Zinawaka, zinagusika, na ukizitazama haraka haraka dukani hutaona tofauti. Tofauti utaiona nyumbani: weusi umekuwa kijivu, skrini imesimama juu kidogo kuliko fremu, betri inaisha mapema, na kama simu yako ilikuwa ya kufunguliwa kwa kidole juu ya skrini, hiyo huduma imekufa, kwa sababu kile kitambuzi kilicho chini kinahitaji skrini ya OLED ili kifanye kazi.

Sisemi incell ni haramu. Kwa mtu anayetaka simu ipige, ipokee na ifungue WhatsApp, inatosha kabisa. Ninachokataa ni wewe kulipa bei ya OLED ukapewa incell. Au kufurahia kwamba fundi wa pili ni nafuu kwa elfu saba, bila kujua kwamba wale wawili hawakuwa wakikuuzia kitu kimoja. Uliza jina la kitu: ni OLED au ni incell? Ni mpya, ni kopi, au ni ile iliyotolewa kwenye simu nyingine? Skrini iliyotolewa kwenye simu nyingine ya aina ile ile inaweza kuwa bora kuliko kopi mpya, na fundi mwema atakueleza hivyo.

Kwa nini bei ya Nakuru haifanani na ile ambayo binamu yako wa Nairobi amekutajia? Vipuri vingi vya simu hupitia Nairobi, Luthuli Avenue na mitaa ya jirani, kabla havijapanda matatu kuja kwetu. Kwa simu zinazotembea sana, fundi wa Nakuru anacho kipuri kwenye rafu, na bei yake haiachani mbali na ya Nairobi. Kwa simu isiyoonekana sana, ataagiza, kifurushi kije kesho, na wewe utalipia kifurushi pamoja na faida ya mtu wa katikati. Aliye Subukia au Molo anaongeza nauli ya kuja mjini. Wengine hufunga safari wenyewe hadi Nairobi, kilomita 160 hivi, nauli ya kwenda na kurudi ikapita elfu moja, na siku nzima ikaenda. Kwa skrini ya elfu tatu, hapana, usijisumbue. Kwa skrini ya elfu kumi na tano, piga simu kwanza, uliza maduka mawili ya Luthuli bei ya kipuri peke yake, kisha urudi kwa fundi wako wa hapa na hiyo namba mkononi. Mara nyingi hutahitaji kusafiri.

Na usishangae bei ikiwa si ile uliyolipa ulipovunja kioo mara ya mwisho. Vipuri hununuliwa kwa dola. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160, na kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Aliyejaza rafu dola ikiwa juu hauzi kwa hasara kwa sababu wewe umesoma gazeti leo. Simu mpya nazo zilipanda. Sheria ya Fedha ya 2022 iliweka ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwenye simu zinazoingizwa kutoka nje, juu ya VAT ya asilimia 16. Ndiyo maana watu wengi siku hizi wanatengeneza simu ambazo zamani wangezitupa.

Sasa nikupe neno ambalo nalithamini kuliko mengine yote ya leo. Ukiuliza bei, uliza bei mbili: ya kipuri na ya kazi. "Skrini ni ngapi, na kuiweka ni ngapi?" Fundi akikutajia jumla, mwombe akuchambulie. Kisha usimbane kwenye kazi. Najua tumelelewa kupunguza bei ya kila kitu, lakini fikiria kidogo. Skrini inamgharimu fundi elfu mbili na mia tano, kazi yake ni mia tano, jumla elfu tatu. Ukimng'ang'ania hadi elfu mbili na mia mbili, ataitoa wapi hiyo mia nane? Hawezi kufanya kazi bure na kulipa kodi ya kibanda. Ataitoa kwenye kipuri. Atakuwekea skrini ya daraja la chini zaidi, wewe utaenda nyumbani ukifurahi, na baada ya miezi michache mguso utaanza kuruka wenyewe. Mlipe mtu kwa mkono wake. Vijana wanaokaa kwenye zile meza kuanzia asubuhi hadi taa za barabarani ziwake, wakiinama juu ya skrubu ndogo kuliko punje ya mtama, wameusomea ufundi huo, wengine vyuoni, wengine miguuni pa fundi mkubwa. Pa kubishania ni kwenye kipuri, na silaha yako ni kujua bei yake. Kama simu ni Tecno, Infinix au itel, programu ya Carlcare, ambao ndio kituo rasmi cha huduma cha simu hizo, ina sehemu ya kuangalia bei ya vipuri kwa modeli yako. Hata kama hutaenda kwao, utajua rasmi ni ngapi.

Mkikubaliana, kaa. Usiache simu ukaenda sokoni kama kazi ni ya saa moja. Tazama anavyofanya, na hasa kuna dakika moja ambayo hupaswi kuikosa. Fundi akishatoa skrini ya zamani, kabla hajapaka gundi, huunganisha skrini mpya kwa ule utepe wake mwembamba na kuiwasha ikiwa bado imelegea, inaning'inia pembeni mwa simu. Hapo ndipo pa kuijaribu, kwa sababu bado inaweza kurudi kwenye boksi lake. Mwombe akupe. Fungua picha nyeupe, utafute madoa. Fungua picha nyeusi, utafute mwanga unaovuja pembeni. Shika aikoni moja kwa kidole, uiburute polepole kutoka juu hadi chini, kushoto hadi kulia. Ikidondoka mahali fulani, hapo mguso umekufa. Fungua kibodi uandike Q na P, M na A. Kama ni Samsung, modeli nyingi hufungua menyu ya kujaribu skrini ukipiga *#0*#. Ukiridhika, ndipo apake gundi, aifunge simu kwa mipira ya raba au vibanio, ikauke. Usimharakishe atoe ile mipira. Gundi isiposhika vizuri skrini itainuka pembeni, na vumbi litaingia.

Na vumbi lenyewe, watu wa Nakuru, hatulikosi. Januari na Februari upepo ukivuma, linaingia kila tundu. Wengi huja wakilalamika kwamba simu haichaji, wametajiwa "sistimu ya chaji" kwa elfu moja na mia tano, na tatizo ni uchafu wa mfukoni ulioshindiliwa ndani ya tundu hadi waya haufiki mwisho. Kabla ya kulipa shilingi, zima simu, mulika tundu kwa tochi, uchokonoe taratibu kwa kijiti cha meno cha mti. Pini na sindano usithubutu, utaunguza kitu. Jaribu pia waya mwingine na kichwa kingine cha chaja. Ikibaki vile vile, basi peleka. Kwenye simu nyingi za bei yetu tundu la chaji liko kwenye kibao kidogo kinachobadilishwa kizima, kazi ya muda mfupi na ya mia kadhaa hadi elfu moja na kitu. Ukitajiwa zaidi ya hapo, uliza kwa nini.

Betri ni rahisi kueleza. Ikianza kuzima ghafla ikiwa asilimia 30, imechoka, ibadilishe. Ikivimba hadi mgongo wa simu unainuka, acha kuichaji siku hiyo hiyo, usiibonyeze wala kuitoboa, maana betri ya lithiamu ikitobolewa hushika moto. Mpelekee fundi, na hiyo iliyovimba usiitupe jikoni mahali mtoto ataichezea.

Maji ni jambo jingine, na hapa ndipo pekee ninapokuruhusu kukimbia. Simu ikidondoka kwenye ndoo au ikiloweshwa na mvua ya Aprili, zima, toa laini, usiichaji hata kidogo. Mchele wacha upikwe. Mwaka 2024 hata Apple waliwaambia wateja wao wasiweke simu kwenye mchele, kwa sababu punje na vumbi lake vinaweza kuingia ndani na kuharibu zaidi. Kinachoua simu ni kutu inayoanza kula viunganisho kwenye bodi, na kila siku inayopita ni hasara. Ifike kwa fundi leo, aifungue, aisafishe bodi kwa spiriti maalumu na aikaushe. Kuisafisha mapema ni mia kadhaa au elfu moja na kitu. Ukikaa wiki ukisubiri ikauke yenyewe, utakuja kutajiwa bei ya bodi.

Na bodi ndipo wengi wanapozamia. Fundi akikuambia tatizo liko kwenye bodi, kuna IC, yaani chipu, imekufa, uliza mambo mawili. La kwanza, ada ya kuipima ni ngapi ikiwa haitapona? Kuna wanaotoza kidogo na kuna wasiotoza, na yote ni haki mradi umeambiwa mapema. La pili, ikipona, unanipa muda gani? Bodi iliyochomwa hewa ya moto inaweza kudumu miaka au siku nne. Kipimo changu mimi, ambacho nawaambia hata wadogo zangu wa damu, ni hiki: matengenezo yakizidi nusu ya bei ambayo ungeinunulia simu ya aina hiyo hiyo ikiwa imetumika, acha. Oktoba 2023, kiwanda cha kuunganisha simu cha Athi River kilipozinduliwa, simu zake za Neon za 4G zilitangazwa kwa shilingi 7,499 na 8,999. Weka namba za namna hiyo akilini unapotajiwa elfu sita za kufufua simu ya miaka mitano. Isipokuwa kuna picha za marehemu mama yako ndani na hukuzihifadhi popote. Hapo unalipia picha, wala sitakuzuia. Mwambie fundi waziwazi kwamba unachotaka ni picha tu. Kuiamsha simu kwa saa moja ili zitolewe ni kazi ndogo kuliko kuiponya.

Wasichana wangu, sogeeni karibu, hili ni lenu zaidi, ingawa wavulana pia wasikie. Fundi atakuomba namba ya kufungulia simu ili aijaribu. Wengi mnampa na kwenda zenu kunywa chai. Ndani ya ile simu kuna picha zako, mazungumzo yako, meseji za benki. Kama ni kazi ya skrini, kaa hapo ufungue mwenyewe. Kama ni lazima uiache, na simu ni Samsung ya miaka ya karibuni, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kutunza betri na kifaa, uwashe kile kipengele kinachoitwa Maintenance mode. Fundi ataweza kujaribu kamera, sauti na mguso, ila picha zako, meseji na akaunti zitakuwa zimefungwa hadi urudi. Simu za Pixel nazo zina kipengele kama hicho. Simu isiyo nacho, hifadhi kila kitu kwenye Google, kisha toka kwenye akaunti au uifute simu kabisa kabla ya kuiacha. PIN ya M-Pesa hakuna fundi duniani anayeihitaji. Hakuna.

Na ikitokea mtu amezichukua picha zako za faragha akazisambaza au akakutishia nazo, usimlipe na usijifungie chumbani ukilia. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inafanya kuwa kosa kusambaza picha za faragha za mtu mwingine: faini ya hadi shilingi 200,000, au kifungo cha hadi miaka miwili, au vyote viwili. Hifadhi ujumbe aliokutumia, uende polisi na mtu mzima unayemwamini. Aibu si yako.

Kabla ya simu kuondoka mkononi mwako, piga *#06#, namba ya IMEI itokee, uinakili. Piga picha ya simu mbele na nyuma kwa simu ya rafiki. Omba risiti, hata iliyoandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari: tarehe, modeli, IMEI, kipuri gani, bei gani, waranti ya siku ngapi, sahihi. Lipa kwa M-Pesa badala ya pesa taslimu, ujumbe ule ni ushahidi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mteja haki ya huduma na bidhaa za ubora unaostahili, haki ya kupewa habari anazohitaji, na haki ya fidia akipata hasara kutokana na kasoro. Ukirudi na skrini iliyokufa ndani ya waranti, anza kwa heshima, mbele ya wateja wengine ikiwezekana, na risiti mkononi. Kesi nyingi humalizika hapo. Fundi akikataa katakata, Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Watu wetu huona haya kwenda kudai elfu nane mahakamani. Mahakama hiyo iliwekwa kwa ajili ya elfu nane.

Kama simu yako ni mpya, tafuta ile kadi ya waranti kabla hujaipeleka popote. Kwa kawaida ni mwaka mmoja, inashughulikia kasoro za kiwandani, haishughulikii kioo kilichoanguka wala maji. Lakini ikifunguliwa na fundi wa nje, hata kasoro ya kiwandani kampuni haitakutengenezea. Na kama ni ya kulipa polepole, zile za M-KOPA, Watu na wenzao, mpigie kwanza aliyekukopesha. Kuna atakayekunong'oneza kwamba anaweza kuiflashi ifunguke usilipe tena. Mdogo wangu, simu hufutwa, deni halifutwi. Jina lako litabaki kwenye vitabu vyao siku utakayotaka mkopo wa maana.

Kule Umoja wa Ulaya, tangu Juni 2025, mtengenezaji au mwagizaji wa simu analazimika kuhakikisha vipuri muhimu vinapatikana kwa miaka saba baada ya modeli kuacha kuuzwa. Natamani sana mbunge mmoja wa huku kwetu alichukue hilo jambo. Tungeacha kuambiwa "modeli yako ni ya zamani, skrini zake hazipo" kwa simu iliyonunuliwa juzi.

Nimalizie na barua ya mama mmoja wa Subukia. Mwanawe yuko chuoni, ameomba elfu tisa za kutengeneza simu, na mama hajui kama ni kweli au ni mambo ya ujana. Mama, usimwite mwongo, na usitume bado. Mwambie akutumie jina kamili la modeli, picha ya simu ilivyo, na karatasi ya fundi iliyotenganisha kipuri na kazi. Kisha mpigie huyo fundi wewe mwenyewe, umsalimie, umuulize yale ya OLED na incell. Mkiridhiana, lipia kipuri moja kwa moja kwa namba ya duka, na pesa ya kazi umwachie kijana ailipe kwa mkono wake simu ikishapona. Na mtumie kabambe kwa matatu ya jioni, asikae bila kupatikana.